Viazi karai na fursa za serikali: nimezionja moja moja, nyota zangu hizi hapa

Mie nauza viazi karai. Naanza na hapo ili mjue anayeongea ni nani, si mchumi, si mtu wa siasa, ni mama wa karai na jiko la makaa nje ya geti la kiwanda kimoja cha nguo huku upande wa Jomvu, Mombasa. Asubuhi mahamri na mbaazi, kuanzia saa 5 viazi na bajia na chatne ya ukwaju, jioni shifti ikitoka naanza upya. Huu mwaka wa tisa. Watu wanafanyia rivyu simu, wanafanyia rivyu mikahawa ya Nyali yenye taa za rangi na sahani kubwa chakula kiduchu, mie nimeona nifanyie rivyu kitu ambacho twatangaziwa kila kukicha kwa redio na hakuna anayekipa nyota: fursa. Ati serikali inaleta wawekezaji, inaleta ajira, mpaka mashinani, kila kaunti. Haya bas, mie nimezionja, nyingine nikameza nyingine nikatema, na nyingine nimeziona kwa macho tu huku upawa mkononi.

Kipimo changu ni kimoja, daftari la deni. Ni daftari la shule la kawaida, pembe zishaloa mafuta mpaka ukilishika linateleza, nalificha chini ya kopo la chumvi. Mabinti wa kiwandani hukopa katikati ya mwezi, viazi vya 50, chai ya 20, mahamri mawili, mshahara ukiingia wanakuja kujifuta jina wenyewe, wananyang'anyana kalamu. Kazi ikiwa nzuri, ikifika tarehe 5 ukurasa mzima umekatwa mistari. Kazi ikiharibika majina yanazidi, halafu wiki moja unaona jina halijakatwa na mwenyewe haonekani, ukiuliza waambiwa karudi kwao Taita, ama yuko Kaloleni kwa mamake. Wacha hao wa takwimu wahesabu kivyao, mie kila wakija kututangazia jambo jipya nangoja mwezi mmoja halafu nafungua daftari.

Tuanze na Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa kwa simu, maana ndo kila mtu anaijua. Ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 na mie siku hiyohiyo nshabonyeza *254#, sikungoja kusimuliwa. Nikapewa limiti ya 500. Mume wangu akacheka mpaka akakohoa, "yaani serikali nzima imekukopesha nusu kuku." Na hata hiyo 500 hushiki 500, wanakata asilimia 5 inaenda akiba, mkononi ikaingia 475. Nikanunua viazi, unga, ndimu na pakiti ya rangi ya manjano, jioni yake nilikuwa nshaiuza yote, kesho yake nikarudisha. Hapo ndo nikakaa nikapiga hesabu vizuri. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, wanaihesabu kwa siku, kwa hivo hata ungekaa nayo siku zote 14 unazopewa, riba ya 500 haifiki shilingi 2. Shilingi 2 jamani! Mie nshawahi kukopa kwa shailoki wa mtaani, unamwachia kitambulisho na simu ya mtoto, wachukua 1,000 warudisha 1,300 mwisho wa mwezi na bado anapita kwa karai kula bure akijisifu kuwa yeye ndo amekuinua.

Saa hizi limiti yangu imefika 6,000, imepanda polepole kwa kulipa kabla ya siku. Nikichukua 6,000, 300 inaenda akiba, napokea 5,700, na nikikaa nayo wiki 2 riba ni kama shilingi 18. Ile akiba nayo wameigawa, asilimia 70 ni ya uzeeni na asilimia 30 ni ya karibu. Mwanzo nilinuna kukatwa, baadaye nimeona ni sawa, mie sina nyumba ya kupangisha wala shamba la minazi, na mtu wa karai asipokatwa kwa nguvu haweki.

Lakini mwaelewe huu mkopo umeshonwa kwa nani. Siku 14 ni za mtu anayenunua asubuhi na kuuza jioni. Mboga, samaki, viazi, mitumba ya kutandika chini, sawa kabisa. Jirani yangu fundi wa cherehani aliuchukua akanunua kitambaa cha sare za shule mwezi wa 11, na wazazi hununua sare mwezi wa 1, wiki mbili zikaisha cherehani hata haijapoa. Ikabidi aje kwangu nimkopeshe mie, niliyekopa kulekule! Mkopo haukuwa na makosa, ulipelekwa kwa kazi isiyo yake tu. Na hapa ndo nataka tuelewane, kwa mkopo huu mie mwenyewe sikukosa unga, lakini sijaajiri mtu kwa sababu yake. Kuajiri kunataka nipate friji, nipate meza ya pili, nipate paa, hivyo vyote havilipiki ndani ya siku 14. Nyota 4 kama biashara yako inazunguka kila siku. Nyota 2 kama wataka kununua kitu kitakachokaa.

Ule mkopo wa vikundi wa Hustler Fund hiyohiyo ulizinduliwa tarehe 1 Juni 2023 kule Embu, kuanzia 20,000 mpaka milioni 1, riba asilimia 7. Kwa karatasi ni mzuri kuliko wa mtu mmoja. Sisi chama chetu kina wamama 12 na tulikaa vikao miezi miwili tukibishana, mmoja ataka hema na viti vya kukodisha harusini, mmoja ataka kuku wa mayai, mmoja ataka tugawane tu kila mtu ale chake, mwishowe tukala biriani ya kufungia mwaka na mkopo hatujachukua. Hiyo nyota sitoi, tatizo lilikuwa sisi.

Uwezo Fund, mfuko mwingine wa serikali wa kukopesha vikundi, niliwahi kufaidi kupitia chama cha dada yangu. Ile hela asili yake inanifurahisha sana, 2013 zilitengwa bilioni 6 za raundi ya pili ya uchaguzi wa rais, raundi ya pili haikuwepo, zikageuzwa kuwa mfuko wa wanawake na vijana. Haina riba kabisa. Dada yangu hupenda kusema karai lake kubwa ndo raundi ya pili yenyewe.

Sasa kaeni vizuri, hapa pana moto. Kuna ile ya tenda. Tangu 2013 serikali ilisema asilimia 30 ya ununuzi wa umma itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, AGPO waiita. Cheti chake ni bure, usidanganywe na mtu akwambie ulipe. Mie na wenzangu watatu tukajisajili, tukapata cheti, tukakitia fremu kama cha ndoa. Haukupita muda ofisi moja ya umma, siitaji, ikatupa kazi, pilau ya watu 80, siku mbili, na chai ya saa 4 na vitafunio. Ilikuwa semina. Semina ya nini? Ya kuwawezesha wanawake kibiashara. Wallahi sikutii chumvi.

Basi tukapewa LPO, ile karatasi ya oda, imepigwa muhuri, tukaona tushafika. Mchele tukachukua kwa mali kauli kwa duka la mtaani, nyama tukaweka amana nusu, sufuria tukakodi. Usiku wa kuamkia hiyo siku hatukulala, tunakaanga vitunguu mpaka macho yamevimba, alfajiri tukapakia kwa tuktuk mbili, mie nimekaa nyuma nimekumbatia sufuria kama mgonjwa, mvuke unanichoma mapajani. Chakula kikasifiwa. Bosi wa hapo akaja kurudia sahani, akasema "mama, hii pilau ya kwetu kabisa." Nikamwambia Mungu akubariki mheshimiwa, moyoni nikasema utanibariki wewe kwa kunilipa.

Miezi 7. Ndo nililipwa. Mara ya kwanza nilipoenda kuulizia kijana wa uhasibu akanijibu kwa heshima zote, "Mamangu, invoisi iko njiani." Njiani wapi na nimekuletea mkononi? Mara ya pili voucha haijasainiwa mwenye kusaini yuko Naivasha kwa mkutano. Mara ya tatu invoisi haionekani, leta nyingine. Mara ya nne mwaka wa fedha umefungwa, ngoja ufunguliwe. Mwenye duka la mchele akaanza kunipitia kila Ijumaa baada ya swala, hasemi kitu, anasimama tu kwa karai anakula bajia moja taratibu ananiangalia. Siku hela zilipoingia nilimlipa, nikalipa nyama, nikalipa sufuria ambazo tulizirudisha lakini moja ilikuwa imepinda, tukagawana kilichobaki, kila mtu 1,850. Kwa miezi 7. Na katika hiyo miezi nauli ya kwenda kuulizia peke yake nimeipiga hesabu ni zaidi ya hiyo.

Ukiuliza watu wenye kampuni kubwa watakwambia hayo ndo mambo ya madeni ya serikali, kitaifa na kaunti, makampuni yanaidai kwa miaka. Sawa, lakini kampuni kubwa ina benki, mie nina mwenye duka wa Ijumaa. Kutengewa asilimia 30 ya kazi bila kutengewa siku ya kulipwa, unampa mtu sahani halafu mkono wake umeufunga kwa nyuma. Nyota 1, na hiyo ni kwa sababu cheti ni bure na kweli kazi tulipata. Siku wakiweka kwamba vikundi vidogo vinalipwa ndani ya siku 30 nitarudi kuandika upya na sufuria nitakodi tena.

Kuhusu makaratasi. Hapa wacha nilinganishe na mwekezaji, maana na mie si nawekeza? Sheria ya 2004 ya kukuza uwekezaji iliweka kwamba cheti cha mwekezaji anachopewa mtu wa nje kinataka awe na dola 100,000, na mwenyeji awe na shilingi milioni 1. Ukiwa nacho kuna mamlaka inakushika mkono, leseni zako zinatafutwa kwa pamoja, unaelekezwa. Ukiingia kwenye maeneo maalum ya kiuchumi, yale ya sheria ya 2015, kodi ya kampuni ni asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza halafu 15 kwa miaka 10 mingine. Ukiwa EPZ, yale maeneo ya viwanda vya kuuza nje ya sheria ya 1990, miaka 10 ya mwanzo hulipi kodi ya mapato kabisa. Sina ubaya nayo, hicho kiwanda ninachouzia getini ni mambo hayohayo yalikileta na ndo kinanilisha. Lakini niangalieni na mie. Kibali cha biashara, cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula ambacho chaisha kila miezi 6, ushuru wa kila siku wa hapo nilipokaa, na kila kimoja kina mlango wake, na nyuma ya kila mlango kuna mtu anayekwambia uanze na mlango mwingine. Mwaka jana kaunta moja ilinirudisha mara tatu kwa sababu jina langu kwa kitambulisho lina herufi h na kwa risiti halina. Herufi h! Siku tatu sijawasha jiko. Yule wa milioni 1 angepigiwa simu.

Kitu nitakachokisifu kwa moyo mweupe ni Huduma Centre, ule ukumbi mmoja wenye huduma nyingi za serikali. Kabla ya 2013 hizo hazikuwepo, ulikuwa wazunguka ofisi na ofisi na bahasha ya kaki kwapani. Kitambulisho, NSSF ya uzeeni, mambo ya kodi ya KRA, unachukua namba unakaa kwa kiti unaitwa. Nimeenda na binti yangu kufuata mambo yake, tumeingia saa 2 asubuhi saa 4 niko nje nanunua maji. Nyota 5. Mie ningependa tu na karatasi zangu zote za karai ziingie humohumo ndani, nipewe namba moja.

NYOTA ile ya vijana, mradi wa Benki ya Dunia, kwanza jina lenyewe limenichanganya maana mie ndo natoa nyota. Ni ruzuku ya 50,000, si mkopo, hurudishi, kwa vijana wa miaka 18 mpaka 29, wenye ulemavu mpaka 35, na walipanga angalau vijana 70 kwa kila wadi. Mie na miaka yangu 38 nishapita. Mpwa wangu wa kazi ya kuosha pikipiki aliomba, hakuchaguliwa, mwenzake wa hapohapo akachaguliwa, sasa hawasemezani. Wadi yetu vijana wasio na kazi unawakuta 70 kwa kijiwe kimoja tu cha muguka, hiyo ndo hesabu yake. Ila kutoa hela bila kudai, kwa mtu ambaye hana hata pampu ya kuoshea, hiyo naiunga mkono.

Na Kazi Mtaani ya 2020 wakati wa korona nisiisahau, kusafisha mitaro na vichochoro, 455 kwa siku. Watu waliicheka, eti kazi ya fagio. Mie sikucheka hata kidogo, maana ile 455 haikuvuka barabara, ilikuwa inaingia kwa simu ya kijana asubuhi na mchana iko kwa karai, kwa kinyozi, kwa mama wa maji. Ilikuwa ya muda na ilipoisha iliisha, lakini kile kipindi daftari langu lilikuwa safi kuliko miaka mingi.

Sasa niwaambie kilichonifanya niajiri mtu, maana hiyo ndo habari yenyewe na si mkopo wala tenda wala ruzuku.

Ni makontena.

Wanaokaa huku Changamwe, Jomvu, Mikindani, Miritini wanajua. Treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa na Nairobi, ilianza kubeba abiria 2017, mizigo ikafuata, halafu ikaja amri makontena ya kwenda bara yapande treni yakatolewe Nairobi. Mie si mtu wa kuchukia treni, nishaipanda kwenda kumuona mjomba Voi, ni safi, kiti kizuri. Lakini huku chini kila lori lililolala lililala na watu wake. Dereva, tanboi, fundi wa magurudumu, mchomeleaji, kijana wa kuosha tenki, mama wa chakula, lojing'i. Yadi zikawa nyasi. 2019 watu wakawa wanaandamana kila Jumatatu hapa mjini. Mie wateja wangu wa malori walikuwa labda 40 kwa siku, hao ni watu wa kula haswa, dereva wa kwenda Malaba hali kiazi kimoja, wakabaki 6 ama 7 na wenyewe wanaomba mbaazi za jana.

Halafu tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa Kasarani, rais Ruto akasema shughuli ya kutoa mizigo irudi bandari ya Mombasa. Kibanda chote kilipiga kelele, mmoja akamwaga chai. Haikuwa siku moja, msifikiri kesho yake barabara ilijaa, lakini kufikia mwaka uliofuata nilikuwa nachemsha mbaazi sufuria mbili. Ndipo nikamchukua msichana wa kumenya viazi, 400 kwa siku na chakula. Halafu nikachukua kijana wa kupeleka bajia kwenye yadi kwa baiskeli. Watu wawili! Hakuna aliyenipa fomu. Hakuna aliyenizindua. Alifanya uamuzi mtu aliye Nairobi kuhusu mlango gani kontena litokee, na mie huku nikaajiri. Ukiniuliza ni mradi gani wa ajira umefaulu hapa kwetu nitakutajia huo, na hata haukuitwa mradi wa ajira. Nyota 5, na nyongeza ya kachumbari.

Ubaya wake ni huohuo, kilichotolewa kwa tamko kinarudi kwa tamko. Na upande wa kiwanda ni vivyo hivyo. Wale mabinti wanashona suruali za jinzi za kwenda Marekani, na mpango wenyewe ni ile sheria yao ya AGOA ya 2000, nguo zetu ziingie kwao bila ushuru. Muda wake uliisha tarehe 30 Septemba 2025. Mwezi mzima kabla ya hapo pale getini hakukuwa na hadithi nyingine, mabinti ambao hawajawahi kufungua ukurasa wa habari walikuwa wanajua jina la AGOA kama jina la shemeji mkorofi. Shifti ya usiku ikapunguzwa, wengine wakaambiwa wapumzike wataitwa. Mmoja alikuwa na deni la 640 kwa daftari langu, akaja kunivulia hereni niweke rehani. Nikamwambia mwanangu vaa hereni zako, nenda, utaitwa. Jina lake bado halijakatwa. Yule msichana wa viazi nikampunguzia siku, sasa anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na hizo siku nyingine namenya mwenyewe, kidole hiki hapa kina alama.

Kwa hivo nikiambiwa viwanda vyaja kila kaunti, ati serikali kuu itoe milioni 250 na kaunti itoe milioni 250 zijengwe bustani za viwanda, mie sibezi, nauliza swali moja la getini: mtakachotengeneza kitanunuliwa na nani, na huyo mnunuzi akigeuka kuna mwingine? Ukuta na paa hazikopi viazi.

Hilo swali ndo lilinipeleka Dongo Kundu. Mwajua lile eneo maalum la kiuchumi, ekari 3,000 upande wa kusini, Wajapani wamo kwenye ufadhili wa miundombinu yake. Miaka na miaka twalisikia tu. Nikasema wacha nikalione kwa macho yangu, Jumapili moja nikavaa viatu vya raba nikaingia matatu ya kupita baipasi. Ile baipasi kwanza nyota 5 peke yake, wallahi, zamani kutoka huku kwenda kusini lazima uteremke mpaka feri ya Likoni ukasukumane, sasa wapita juu ya maji kwa yale madaraja, mikoko chini, upepo dirishani, mama mmoja pembeni yangu alikuwa anapiga video mpaka simu ikazima.

Nikashuka. Nikatembea. Ardhi kubwa, mchanga mwekundu umechongwa, malori ya kokoto yanaingia yanatoka, mahali kwingine bado ni vichaka na mikorosho. Bango la picha ya majengo ya vioo na watu wenye kofia za njano wakicheka. Kwa geti moja la ujenzi nikamkuta askari, mzee kidogo, nikamsalimu, "Shikamoo baba." Akaitikia marahaba, akaniuliza nimepotea? Nikamwambia sijapotea, nauliza tu, hawa wanaofanya kazi hapa wanakula wapi? Akaniangalia toka kichwani mpaka raba. Akasema, "Wanabeba. Asiyebeba anashinda na maji." Nikauliza ni wangapi. Akasema wa asubuhi huwa anawaandika kwa kitabu, akakichungulia, siku za kazi hawapungui 60, na hapo ni geti lake tu. Na yeye anakitunza kitabu chake kama mie daftari langu, limefungwa kwa mpira.

Nikaangalia kivuli. Kuna mkorosho mmoja hatua kama 70 kutoka getini, matawi yameinama, chini pako tambarare, maji sijaona, choo sijaona. Nikamuuliza mtu akiweka jiko pale kuna shida? Akasema kuna watu wa kuuliza karatasi hupita, siku haijulikani. Nikacheka, nikamwambia hao nawajua, nina fremu ya cheti nyumbani.

Nauli kwenda na kurudi nimeipiga, na hotpoti mbili zakaa mapajani bila kulipiwa kiti. Yule msichana wa viazi nshamwambia, Jumanne na Alhamisi ambazo hana kazi kwangu atanishikia karai Jomvu, mie nitoke na mahamri 100 na mbaazi kabla ya adhana. Jumanne hii naenda kujaribu. Yule mzee amesema atawaambia wa shifti ya asubuhi wasibebe.